Kisa cha Stéphane Bourgoin: mwalimu wa mahakimu ambaye hakuulizwa cheti

Kwa karibu miaka 30, Mfaransa aliyetaka kujua lolote kuhusu wauaji wa mfululizo alielekezwa kwa mtu mmoja, Stéphane Bourgoin. Televisheni ilimwita, redio ilimwita, na vitabu vyake vilipita 40. Kama mambo yangeishia hapo, ingekuwa burudani tu. Mtu akitaka kusoma hadithi za damu kabla ya kulala, shauri yake. Lakini Bourgoin alifundisha pia. Alikaribishwa kuzungumza École nationale de la magistrature, chuo kinachowaandaa na kuwanoa mahakimu na waendesha mashtaka wa Ufaransa, na akawasomesha wapelelezi wa Gendarmerie, askari wanaolinda sehemu kubwa ya nchi nje ya miji mikubwa. Hawa ndio wanaoamua nani akamatwe, ahojiwe vipi, na nani apandishwe kizimbani.

Mei 2020 alikiri kwenye magazeti kwamba mambo makubwa katika wasifu wake yalikuwa ya kubuni.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu sifa za wahadhiri wa saikolojia ya jinai huwa yanaganda kwenye swali moja: ana PhD au hana? Ni swali la lazima, na nitalirudia. Ila kuna swali linalolitangulia: katika mlolongo mzima wa watu waliomwalika, ni nani ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza?

Alichodai

Simulizi ya Bourgoin ilisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni msiba. Alisema alikuwa na mwenzi Mmarekani aitwaye Eileen, ambaye aliuawa kikatili Los Angeles mwaka 1976, na kwamba muuaji alikuja kukamatwa akakutwa ameua wengine pia. Ya pili ni shule: alidai amepata mafunzo Quantico, Virginia, kilipo chuo cha FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani. Ya tatu ni hesabu. Alisema amewahoji wauaji 77 magerezani, katika nchi mbalimbali.

Tazama jinsi nguzo hizo zinavyobebana. Msiba unamfunga mdomo msikilizaji, kwani nani atamwambia mfiwa alete cheti cha kifo? Quantico ni jina linalojulikana kwa kila aliyewahi kuangalia filamu za upelelezi, na wengi wanalisikia bila kujua pale hufundishwa nini, kwa nani, kwa muda gani. Na ile 77 ina ujanja wake. Angesema "wengi", mtu angemuuliza wangapi. Angesema 80, ingesikika kama makadirio. 77 inasikika kama namba ya mtu mwenye daftari.

Tuwe wakweli pia kwamba hakuwa mtupu. Mwaka 1991 alikutana kweli na Edmund Kemper, muuaji maarufu wa California, gerezani, kwa ajili ya filamu ya hali halisi, na picha zipo. Alikuwa na duka la vitabu vya upelelezi jijini Paris, lililoitwa Jicho la Tatu kwa Kifaransa, na alikuwa msomaji wa kupindukia. Alijua majina, tarehe, silaha, mpangilio wa matukio. Mtu asiyejua kitu kabisa angenaswa wiki ya kwanza. Huyu alijua vya kutosha kumtosheleza asiyejua, na darasani hicho ndicho kinachoonekana kwanza.

Lakini kujua mengi kuhusu wahalifu ni kitu kimoja, na saikolojia ni kingine. Bourgoin alijifundisha mwenyewe. Hakuwa na shahada ya saikolojia, hakuwa amefanya tiba au upimaji wa wagonjwa chini ya msimamizi, na hakukuwa na utafiti wake uliopitiwa na wataalamu wenzake.

Waliomfichua

Chuo hakikumfichua. Polisi hawakumfichua, wala wizara. Ilikuwa kazi ya kikundi cha wasomaji wasiojitaja majina, waliojiita 4ème Œil Corporation, Jicho la Nne, dongo la wazi kwa lile duka lake. Januari 2020 walianza kuweka video YouTube, moja baada ya nyingine.

Njia yao haikuwa ya kijasusi. Ilikuwa kazi ya maktaba, ile ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa: weka kurasa mbili sambamba, linganisha, weka mahojiano mawili sambamba, linganisha. Habari za Eileen zilikuwa hazilingani kutoka mahojiano hadi mahojiano. Walipomtafuta muuaji aliyekamatwa ambaye maelezo yake yangeendana na yale ya Bourgoin, hawakumpata. Kisha wakageukia vitabu, na humo wakakuta vipande vilivyofanana na maandishi ya watu wengine, hasa ya Kiingereza, ambayo Mfaransa wa kawaida asingeyasoma.

Hapo ndipo Afrika inapoingia. Miongoni mwa watu ambao kikundi hicho kilionyesha kwamba uzoefu wao umegeuzwa kuwa wa Bourgoin ni Micki Pistorius wa Afrika Kusini. Pistorius alianza kama mwandishi wa habari, akasoma saikolojia, akajiunga na polisi wa nchi yake mwaka 1994 na kuongoza kitengo cha saikolojia ya upelelezi hadi alipoacha kazi mwaka 2000. Tasnifu yake ya udaktari kuhusu wauaji wa mfululizo aliitetea Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 1996, miaka ambayo Afrika Kusini ilikuwa ikihangaika na kesi nzito mno, ikiwamo ya Moses Sithole, aliyekuja kuhukumiwa mwaka 1997 kwa mauaji 38. Yaani mwanamke aliyekanyaga majani ya eneo la tukio, akakaa chumba kimoja na washukiwa, kisha akaketi mbele ya watahini kuyatetea aliyoyaandika, sehemu ya maisha yake ilikuwa ikisimuliwa Paris na mwanamume ambaye hakuwepo. Katika kisa kizima, hiki ndicho kinachoniudhi kuliko vyote. Uongo wa Quantico unamdhalilisha aliyeusema. Huu unamnyang'anya mtu jasho lake.

Ungamo lilipokuja, Mei 2020, lilikuwa la nusu nusu. Quantico hakusoma. Hesabu ya wauaji ilikuwa imetiwa chumvi. Eileen hakuwahi kuwepo kwa namna aliyoieleza; nyuma ya jina hilo, alisema sasa, alikuwepo mhudumu mmoja wa baa huko Florida, ambaye alikutana naye mara chache tu na ambaye aliuawa mwaka 1975 na Gerald Stano, muuaji aliyeuawa kisheria kwa kiti cha umeme mwaka 1998. Kwa maneno mengine, hata alipokuwa akisahihisha uongo alimchukua marehemu wa familia nyingine akamweka kwenye hadithi yake. Na mtu huyu alikuwa amekaa na familia za wahanga Ufaransa kama mfiwa mwenzao.

Mwaliko uligeuka cheti

Sasa turudi kwenye swali la nani alipaswa kuuliza. Mantiki ya jinsi mtu kama huyu anavyopanda ni rahisi kuifuata. Mchapishaji hakagui vyeti vya mwandishi; anaangalia muswada na soko. Televisheni inaona vitabu kumi mezani, inaandika "mtaalamu" chini ya uso wake. Ofisa mafunzo wa chuo anamwona kwenye televisheni. Taasisi ya pili inaona kwamba ya kwanza imemwalika. Kila mmoja anaamini aliyemtangulia alishauliza, kumbe aliyemtangulia naye aliamini hivyohivyo. Bourgoin hakuhitaji kughushi karatasi hata moja. Barua ya mwaliko ya jana ilikuwa cheti cha leo.

Linganisha na anayeomba kazi ya kudumu ya uhadhiri. Analeta nakala za matokeo, cheti, jina la tasnifu, majina ya wasimamizi na wadhamini. Mtu wa ofisi ya utumishi anapiga simu chuo alichosoma. Ni kazi ya kuchosha, ina mihuri mingi, na waombaji huilalamikia. Lakini mwongo ana kazi ngumu kweli kupita humo, maana kila karatasi ina mtu nyuma yake anayeweza kupigiwa simu. Mhadhiri mgeni wa saa mbili hapiti huko kabisa. Anapokelewa getini, anapigwa picha na mkuu wa chuo, anasaini karatasi ya posho, anaondoka. Wanafunzi wanabaki na daftari ambalo ndani yake maneno yake na ya profesa yamelala pamoja bila alama ya kuyatofautisha.

Sheria ya Ufaransa nayo ilikuwa imefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Tangu Julai 1985, cheo cha "mwanasaikolojia" kinalindwa huko: ukijiita hivyo bila shahada zinazotakiwa, unavunja sheria. Lakini "mtaalamu wa wauaji", "mchambuzi wa wahalifu" au hata "mwanakriminolojia", yaani msomi wa uhalifu, hazikuwa na ulinzi wa namna hiyo. Basi mtu anaweza kukaa nje kidogo tu ya uzio akavuna heshima yote ya walio ndani.

Na kriminolojia yenyewe Ufaransa haikuwa na nyumba yake. Mapema mwaka 2012 serikali iliiundia sehemu yake, ya 75, katika baraza la taifa linalothibitisha wahadhiri wa vyuo vikuu, na mwaka huohuo, baada ya wasomi wengi kuja juu na serikali kubadilika, sehemu hiyo ikafutwa. Wapinzani walikuwa na hoja nzito: somo hilo ni mkusanyiko wa sheria, sosholojia, tiba ya akili na saikolojia, na kila mwalimu apimwe kwenye fani aliyoisomea. Nakubaliana nao zaidi kuliko ninavyowapinga. Ila matokeo yake ni kwamba jina "mtaalamu wa uhalifu" lilibaki likielea hewani, na kinachoelea huokotwa na mwenye sauti kubwa.

Uzoefu wa gerezani una thamani gani?

Watetezi wa watu wa aina ya Bourgoin huwa na jibu tayari: cheti hakimkamati muuaji, kinachotakiwa ni mtu aliyekaa nao uso kwa uso. Hoja hii ina uzito, na historia yenyewe ya FBI inatumika kama ushahidi. Mawakala Robert Ressler na John Douglas walizunguka magereza ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 wakizungumza na wauaji, na kazi yao ikabadili upelelezi.

Kinachosahaulika ni nusu ya pili ya habari. Mazungumzo yale yalianza kama maongezi tu ya askari wenye udadisi. Aliyeyageuza kuwa utafiti ni Ann Burgess, muuguzi wa afya ya akili mwenye shahada ya udaktari, ambaye tayari alikuwa amefanya utafiti na waathirika wa ubakaji. Alitaka maswali yawe yaleyale kwa kila mfungwa. Alitaka majibu yaandikwe kwa mpango mmoja, ili yanayofanana na yanayotofautiana yahesabike. Wafungwa waliochambuliwa walikuwa 36, wala si 77, na hata hao 36 wamekosolewa na watafiti waliofuata: ni wachache, walichaguliwa kwa kuwa walikubali kuzungumza, na muuaji anayependa kuzungumza ana sababu zake za kudanganya. Angalau kuna kitu cha kukosolewa. Njia iko mezani, mtu anaweza kuishambulia. Kwa Bourgoin mkosoaji angeshika wapi? Alikuwa na hadithi, na hadithi inakupa nafasi mbili tu, kuiamini au kutoiamini.

Kwa hiyo nikiulizwa mhadhiri wa saikolojia ya jinai anapaswa kuwa na nini, naanza na shahada za saikolojia yenyewe, kwa sababu humo ndimo mtu hufundishwa kupima, kuhesabu na kushuku kipimo chake mwenyewe. Kisha kazi ya vitendo chini ya msimamizi. Uingereza wameliweka hili vizuri: anayetaka kuitwa mwanasaikolojia wa masuala ya jinai husoma shahada ya uzamili inayotambuliwa, halafu hufanya kazi chini ya usimamizi si chini ya miaka miwili, na tangu 2009 cheo hicho kinalindwa kisheria. Lakini hata huko ulinzi unahusu cheo cha anayetoa huduma. Mtu anaweza kulifundisha somo chuoni bila kuwa kwenye daftari la usajili, mradi tu asijiite kwa jina hilo. Wanafunzi wengi hawalijui hili, nao hulipa ada wakiamini kila anayesimama mbele yao amewahi kuandika ripoti ya mahakama.

Vyeti vipo, na bado maji yakamwagika

Ili nisionekane naabudu karatasi, nitaje kesi ya pili kwa kifupi. Julai 1992 Rachel Nickell, mama kijana, aliuawa Wimbledon Common, London. Polisi walimwendea Paul Britton, mwanasaikolojia wa tiba mwenye sifa zake zote. Kwa ushauri wake ukasukwa mpango wa askari mwanamke aliyejifanya kumpenda mshukiwa, Colin Stagg, akimvuta aseme aliyoyafanya. Stagg hakukiri mauaji. Alikaa rumande zaidi ya mwaka, na Septemba 1994 Jaji Ognall akautupa ushahidi ule kwa maneno makali. Mwaka 2008 mtu mwingine, Robert Napper, alikiri kumuua Rachel, na Stagg akalipwa fidia ya zaidi ya pauni 700,000.

Britton angepita kwenye usaili wowote wa vyeti. Sifa zake zilikuwa za hospitalini, za kumpima na kumtibu mgonjwa. Kupanga mtego wa kumnasa mshukiwa ni kazi nyingine kabisa, ambayo haikuwa na kipimo wala utafiti wa kuiegemea. Kwa hiyo kusema "ana PhD" hakutoshi. PhD ya nini, na anachofundisha leo kinaingia humo au kiko nje? Mfano unaonifurahisha ni Gisli Gudjonsson, aliyewahi kuwa polisi nchini Iceland, akasomea saikolojia ya tiba, akawa profesa King's College London, na mwaka 1984 akachapisha kipimo cha jinsi mtu anavyoyumbishwa na maswali ya mhojaji. Akifundisha kuhusu watu wanaokiri makosa wasiyoyatenda, unaweza kufuata kila sentensi hadi kwenye jedwali.

Kwetu

Cheti cha nje mtu akitaka kukitumia Tanzania kinapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, inayotaka wanaotoa huduma wasajiliwe. Vichujio hivyo ni vya kweli, lakini ni vya mlango mkuu. Mzungumzaji wa semina ya siku mbili kwenye chuo cha polisi, au "mkufunzi" wa warsha ya maofisa ustawi wa jamii iliyofadhiliwa na shirika, hapitii mlango huo, sawasawa na Bourgoin. Na sisi tuna udhaifu wa ziada: mgeni akija na lafudhi ya mbali na neno FBI kwenye slaidi ya kwanza, makofi yanapigwa kabla hajasema kitu.

Kuna swali moja ambalo ningependa kila jopo liulize, hata kwa mgeni wa saa mbili: nani alikusimamia? Aliyesoma kweli ana jibu, tena mara nyingi analitoa kwa kulalamika, maana msimamizi alimsumbua. Pistorius ana jibu, liko Pretoria. Mwanafunzi wa Uingereza anayemalizia miaka yake miwili ana jibu, na huyo msimamizi ana barua pepe. Bourgoin angetaja nani? Quantico nzima?

Linabaki suala la mpelelezi mstaafu. Amefanya kazi miaka 30, amekagua maiti nyingi, hana shahada ya pili, na wanafunzi wanamhitaji kuliko slaidi zangu. Nisingependa sheria imfungie nje. Aje, lakini aje kama alivyo: shahidi wa kazi yake, akitambulishwa kwa cheo chake halisi na kituo alichohudumu, kipindi chake kikiongozwa na mhadhiri mwenye somo, ambaye atakaa mle ndani hadi mwisho na kusema "hili ni uzoefu wa mzee wetu, utafiti unasema tofauti" pale inapobidi. Mtihani autunge mhadhiri. Na jina la aliyethibitisha maelezo ya mgeni liandikwe kwenye faili la kozi, ili siku mambo yakiharibika ijulikane nani alipiga ile simu, au nani hakuipiga.